Okidi si Viazi Mviringo

Wapo watu wanaodai kuwa okidi za Nyanda za Juu Kusini haziwezi kwisha. Hoja yao ni kwamba tunda moja hutoa maelfu ya mbegu, hivyo mchimbaji akijaza gunia leo, mwakani maua yatachipua tena. Madai hayo ni ya hatari, hasa yanapotoka vinywani mwa watu waliosoma.

Tunda hilo halipatikani bila mdudu. Chavua ya okidi si unga wa kupeperushwa na upepo kama ule wa mahindi. Imefungwa katika vifurushi vyenye gundi. Ua la Satyrium, mojawapo ya okidi zinazochimbwa, lina mirija miwili yenye mbochi. Nondo au kipepeo anapoingiza ulimi humo, kifurushi humnasa, naye hukipeleka katika ua jingine la aina ile ile. Ziko Disa ambazo hazina mbochi kabisa, bali humlaghai mdudu kwa sura tu. Hizo huzaa kwa shida hata mahali ambapo jembe halijapita. Tena si kila mdudu anafaa. Mwaka 1862 Charles Darwin, baada ya kuchunguza okidi ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 30, alitabiri kuwa yupo nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Nondo huyo alitangazwa na wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha fariki.

Sasa mmea hung'olewa pamoja na kiazi chake, kikavushwa hadi Zambia kupikwa chikanda. Yakibaki maua mawili matatu bondeni, mdudu atachukua chavua wapi na kuipeleka wapi? Na hizo mbegu zinazotegemewa ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, wala hazioti bila kuvu wa ardhini.

Asilaumiwe mwanakijiji peke yake. Anayenenepa ni mlanguzi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, na mkataba wa CITES unataka kibali kwa okidi za porini zinazovuka mpaka. Mtumishi wa kizuizini anayeliandika gunia hilo kuwa ni mazao ya shamba anamsaidia mlanguzi huyo kwa kalamu ya umma. Walimu wa Makete nao wana kazi: wawatoe wanafunzi darasani msimu wa mvua, wakaone uchavushaji kwa macho yao, wakati maua yangalipo.