Eti Padre Amegeuka Kibarua



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja tunayemheshimu sana, mtu wa sala na mtoaji zaka mwaminifu, alitungoja nje ya sakristia. Alituvuta pembeni, akashusha sauti, akatuambia kwamba watu wanasema. Tulipomwuliza wanasema nini, alisita kidogo, kisha akalitoa: eti padre amegeuka kibarua. Watu wa parokia jirani wamepita barabarani wakacheka walipomwona kasisi, kanzu ameitundika mtini, ameketi matagataga juu ya boriti akigonga patasi. “Baba Paroko, unatuaibisha,” alisema. “Kama ni banda tu, si tungechanga?”

Tulimshukuru, kwa maana wengi husema nyuma ya mgongo, naye alisema usoni. Lakini hatukukubaliana naye, na kwa kuwa neno hilo si lake peke yake, tumeona heri tulijibu hadharani.

Tuanze na banda lenyewe. Si kubwa: mita nne kwa mita tatu, la kuhifadhia kuni za jikoni na zana za shamba la parokia. Kamati ya Ujenzi ilikuwa imeandaa makadirio ya matofali ya kuchoma, saruji na nondo, na chini ya karatasi kulikuwa na ule mstari tunaoujua sote: kila kaya ichangie. Usiku ule tuliipitia orodha ya kaya, jina kwa jina. Wamo wajane ambao hata mchango wa mnara wa kengele hawajaumaliza. Nyuma ya nyumba ya mapadre ipo milingoti iliyopandwa na watangulizi wetu, imesongamana na ilihitaji kupunguzwa. Basi mwezi wa Juni, kipupwe kilipoingia, tuliwaomba wanakamati waiweke karatasi yao kabatini, tukachukua shoka.

Hatukupasua mbao. Wengi hudhani kwamba gogo la mviringo ni kazi ya kimaskini, ya zizi la mbuzi. Hesabu inakataa. Chukua gogo, ulichonge liwe mhimili wa mraba, na hata ukipata mraba mkubwa kuliko yote unaoweza kutoka ndani yake, gogo lile likiachwa zima lingebeba takriban mara moja na theluthi mbili ya uzito utakaobebwa na mraba huo. Tena msumeno hukata nyuzi za mti pale zinapopinda kukwepa kifundo, ilhali gogo lililomenywa magome tu hubaki na nyuzi zake tangu shina hadi ncha. Ugumu uko kwenye maungio. Mbao za mraba hukutana bapa kwa bapa, lakini magogo mawili ya mviringo yakipishana hugusana mahali padogo mno. Inabidi kulilaza moja juu ya jingine, kushika bikari na kufuatisha umbo la lile la chini juu ya mwili wa lile la juu, kisha kulishusha, kulichonga kwa tezo na patasi, kulirudisha, kutazama mwanga unapenya wapi, kulishusha tena. Banda letu lina nguzo sita zilizosimama juu ya mawe ili mchwa wasipate njia ya siri, na lina maungio 37. Ungio la kwanza lilitugharimu kutwa nzima, likatoka legelege kama jino la mtoto wa miaka sita. Tulilikata tukaanza upya.

Chini ya paa hakuna msumari hata mmoja. Kila ulimi umeingia katika tundu lake na kufungwa kwa kigingi cha mti mkavu. Na tundu la kigingi lililo katika ulimi limesogezwa milimita mbili au tatu kuelekea begani, ili kigingi kinapogongwa kiuvute ulimi ndani. Gogo bichi likikauka hunywea, nalo hukibana kigingi zaidi. Jambo hili hatukulibuni sisi. Maseremala wamelijua kwa karne nyingi, na wengi wao hawakujua kusoma.

Tulifanya kazi siku za Jumatatu, ambayo ndiyo siku yetu ya mapumziko, na tulifanya peke yetu. Katika nchi yetu padre akishika shoka hutokea vijana kumi wa kumpokonya: “Lete, Baba, wewe pumzika.” Ni heshima njema, lakini humwacha padre asijue uzito wa kile anachokiagiza. Tulitaka kuujua. Boriti ya ukutani, yenye mita nne na ushei, ikiwa mbichi huweza kuzidi kilo 70. Mtu mmoja hawezi kuinua boriti ya namna hiyo. Anaweza kuinua ncha moja. Huiinua kimo cha kiganja, akaweka kipande cha gogo chini yake, akazunguka upande wa pili, akauinua na huo, akaweka kipande, akarudi. Hivyo, kiganja kwa kiganja, juu ya vichanja viwili, hadi mita mbili kutoka ardhini. Kwa watu wanne ni kazi ya kufumba na kufumbua. Sisi tulianza baada ya Misa ya asubuhi, na kengele ya Malaika wa Bwana ya saa sita ilitukuta boriti ikiwa kiunoni.

Sasa turudi kwenye neno. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi cha kuhesabia siku zake, na jina la kikaratasi likahamia kwa mtu mwenyewe. Ndivyo lugha yetu ilivyomgeuza binadamu kuwa karatasi, nasi tunalitumia jina hilo kama tusi, ndani ya uwanja wa kanisa ambalo kila tofali lake lilibebwa na vibarua.

Waliolitumia watazame wanasimama upande wa nani. Mwinjili Marko, katika sura ya 6, anatusimulia kwamba Bwana wetu alipofundisha katika sinagogi la kwao, watu walistaajabia hekima yake, kisha wakachukizwa naye. Na hoja yao ya kwanza ilikuwa kwamba wanamfahamu, ni seremala. Neno la Kigiriki lililotumika hapo, tektōn, ni pana kuliko fundi wa meza na vitanda: ni mjenzi, mtu wa magogo na boriti. Mtakatifu Yustino Shahidi, katika karne ya pili, aliandika kwamba Yesu alitengeneza plau na nira. Injili hiyo husomwa Dominika ya 14 ya Mwaka B, nasi tukiisikia huwalaani watu wa Nazareti kwa upofu wao, kisha tunatoka nje na kuwaonea haya mafundi wetu.

Wako wanaosema kwamba kazi ngumu ni laana ya Adamu. Wasome vizuri. Katika Mwanzo 2:15 mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, kabla nyoka hajafungua kinywa. Jasho na miiba vilikuja baada ya dhambi, kazi ilikuwepo kabla. Lakini tumewafundisha watoto wetu kinyume chake, tena kwa vitendo. Mwanafunzi akichelewa, hupewa jembe. Akipiga kelele, hutumwa kukata kuni. Anayefaulu hukaa darasani. Hata shule za Kanisa hufanya hivyo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilia juu ya elimu inayomfanya kijana aidharau kazi ya wazazi wake. Na sisi Wakatoliki, tunaopenda kujivunia kwamba Mwalimu alikuwa mwenzetu, tungali tunamwadhibu mtoto kwa jembe, kisha tunashangaa akilikimbia. Abasia ya Peramiho, iliyoanza kama misioni mwaka 1898, ilijengwa kwa mikono ya mabruda waashi na maseremala pamoja na vijana wa huku waliojifunza kwao. Sijambo la kuona haya.

Mzee wetu, ambaye Biblia yake imechakaa kwa kusomwa, alileta hoja nzito zaidi. Alitukumbusha sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, pale Mitume walipokataa kuliacha neno la Mungu wakahudumu mezani. Tunaiheshimu hoja hiyo, na iwapo banda lingetunyima muda wa kuandaa mahubiri au kumpelekea mgonjwa Komunyo, tungeliacha lioze. Lakini tuendelee kusoma. Mitume hawakumwita yeyote wa kuokotwa sokoni. Walitaka watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wakasali, wakawawekea mikono. Na hiyo ilikuwa kazi ya kugawa chakula! Ni lini Halmashauri yetu ya Walei ilimchagua mwashi kwa sala ya namna hiyo? Sisi humchagua aliye rahisi.

Na hapa ndipo tunapotaka kuzungumza bila kuzunguka, tukianzia na dhambi yetu wenyewe. Tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi iliyowekwa na Papa Pius XII mwaka 1955, tulibariki nyundo na misumeno mbele ya altare. Kwaya iliimba vizuri sana. Siku hiyohiyo, fundi aliyeezeka paa la kanisa la kigango chetu kimoja alikuwa na mwezi wa tatu akitudai. Alipokuwa akija ofisini aliambiwa arudi kesho. Mwenye duka la mabati alikuwa amekwisha kulipwa, maana yeye ana risiti, ana simu, na anaweza kutunyima bidhaa tena. Tena tulikuwa tumempunguzia fundi huyo bei tangu mwanzo, kwa hoja kwamba ni kazi ya Mungu. Hatukumwambia mwenye mabati kwamba ni mabati ya Mungu. Sahihi iliyoahirisha malipo yale ni yetu, si ya mwekahazina.

Kumbukumbu la Torati 24:15 laamuru ujira wa maskini ulipwe siku ileile kabla jua halijatua, na Mtume Yakobo, sura ya 5, asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika kwa Bwana. Tulikuwa tumeyahubiri maneno hayo zaidi ya mara moja. Yalitufika vizuri Jumatatu moja ya Septemba, tulipomaliza ungio la kumi na tisa, viganja vimechubuka, mgongo haunyooki, na tukajiuliza bila kutaka: kazi hii, kwa bei tunayowapa wao, ingelipwa kiasi gani? Tulipiga hesabu kwa mkaa juu ya gogo. Tuliona aibu kuliko ile anayoisema mzee. Papa Yohane Paulo II, ambaye wakati wa vita alifanya kazi katika machimbo ya mawe na kiwanda cha kemikali, alifundisha katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981 kwamba thamani ya kazi yatoka kwanza kwa mtu anayeifanya. Sisi tuliusoma seminarini na tukafaulu mtihani wake.

Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamtaja mkulima, mchonga mihuri, mhunzi na mfinyanzi, na anakiri kwamba bila wao hakuna mji unaokaliwa na watu. Lakini anasema pia kwamba hawatafutwi katika baraza la watu. Baadhi yetu husoma sehemu hiyo kana kwamba ni agizo. Sisi twaisoma kama habari ya jinsi mambo yalivyokuwa, na yalivyo hata leo. Hebu hesabuni wajumbe wa Halmashauri yetu: walimu, wafanyabiashara, wastaafu wa serikali. Fundi hata mmoja hayumo, ingawa Kamati ya Ujenzi hukutana kila mwezi kuamua kuhusu ujenzi.

Liko jambo moja ambalo mzee alikuwa na haki kabisa. Alituuliza: ungeanguka je? Mwezi wa Agosti gogo liliteleza kutoka kwenye kamba ya kapi likapita kando ya bega letu, likachimba ardhi. Hapakuwa na mtu hata wa kusikia ukelele. Mhubiri, sura ya 4, anamsikitikia aangukaye peke yake pasipo mwenzake wa kumwinua, na hatuna la kumjibu Mhubiri. Kufanya kazi peke yako hufundisha mengi, lakini kiburi nacho hujificha mlemle. Tangu siku ile mama mmoja jirani alikubali kuja kuchambulia maharage yake kivulini karibu nasi. Hakugusa gogo, na hatukupanda ngazi kabla hajafika.

Wengine wametulaumu kwamba tumemnyang’anya fundi mkate. Lawama hii twaipokea nusu. Paa hatukuliezeka sisi. Tulimwita fundi yuleyule wa kigangoni, tukamlipa deni lake lote kwanza, kisha tukapatana bei bila kutaja kazi ya Mungu. Alilitazama fremu letu kwa muda mrefu, akaligongagonga, akasema ungio la pembe ya mashariki limekaa vibaya. Ni kweli. Tumelirekebisha.

Katika kikao kijacho cha Halmashauri tutaomba mambo mawili yaandikwe katika muhtasari: kwamba hakuna sherehe ya parokia itakayogharimiwa wakati fundi au kibarua yeyote anatudai, na kwamba viti viwili vya Kamati ya Ujenzi vikaliwe na mafundi. Wanaopinga waje wapinge kikaoni. Na vijana ambao matokeo ya kidato cha nne hayakuwaendea vizuri, nao wanakaa nyumbani wakiona haya kuja hata jumuiya, wajue kwamba tezo, patasi na keekee vimetundikwa ndani ya banda. Tutaanza zizi la ng’ombe Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi, safari hii si peke yetu, na fundi huyo ndiye atakayefundisha. Kila mmoja aje na maji yake ya kunywa.