Amana ya Mpangaji Si Mali ya Wakala

Neno amana ni neno zito katika lugha yetu. Mtu akikuwekea kitu chake amana, hata kama ni kuku mmoja, hukukabidhi pamoja nacho heshima yake na yako. Anayekula amana ya mwenziwe hatumwiti mjanja. Twamwita mtu wa khiana. Lakini katika miji yetu leo neno hili limeanza kuvunjiwa heshima, na wanaolivunjia ni baadhi ya mawakala wa nyumba za kupanga.

Mambo huenda hivi. Mtu akipata nyumba ya kupanga, huambiwa alipe kodi ya miezi kadhaa mbele, ampe dalali ujira wake, kisha mara nyingi aweke na fedha nyingine za amana, pengine kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Fedha hizo si kodi wala si ujira. Ni fedha za mpangaji mwenyewe, zinazoshikwa ili akivunja mlango au akiondoka na deni la umeme, hasara ilipwe. Asipofanya hayo, hurudishiwa. Hayo ndiyo mapatano, nasi hatuna ugomvi nayo.

Taabu huanza siku ya kurudisha funguo. Tuchukue mfano wa mpangaji aliyekaa miaka mitatu katika nyumba ya Sh. 300,000 kwa mwezi, akaweka amana ya kiasi hicho hicho. Kodi amelipa, maji na umeme amelipa, nyumba ameiacha safi. Anapomwendea wakala, huambiwa, "Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo simu haipokelewi. Akizidi kufuatilia, huambiwa kuwa fedha zimekwisha katika kupaka rangi. Akiomba kuoneshwa stakabadhi ya hiyo rangi, huambiwa amwone mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye husema, "Fedha ulimpa wakala, mwulize yeye." Basi mpangaji hugeuka mpira wa kuchezewa na watu wawili. Mwisho hukata tamaa, maana nauli na siku za kazi anazopoteza zakaribia kuzidi fedha anazozidai. Wakala alijua tangu mwanzo kuwa itakuwa hivyo, na kukata tamaa huko ndiko faida yake.

Twasema wazi kwamba Sh. 300,000 si kitu kidogo. Kwa jamaa wanaohama, fedha hizo ndizo walizotarajia kuziweka amana katika nyumba mpya. Zikizuiwa, hulazimika kukopa ili waweke amana ya pili, na huku ile ya kwanza ikiliwa na mtu ambaye hakuitolea jasho hata tone moja.

Tusije tukadhaniwa kuwa twawaonea wenye nyumba. Wapo wapangaji waharibifu, na wapo wanaotoroka usiku wakiacha madeni. Nyumba ni jasho la mtu, na wajane na wastaafu wengi huishi kwa kodi. Mwenye nyumba ana haki ya kukata gharama ya kitu kilichoharibiwa. Lakini uharibifu ni jambo moja, na uchakavu ni jambo jingine. Dirisha lililovunjwa ni uharibifu. Rangi iliyofifia kwa miaka mitatu na bawaba iliyolegea kwa kufunguliwa kila siku ni uchakavu, na kodi ya kila mwezi ndiyo malipo yake. Kumtoza mpangaji rangi ya nyumba nzima kwa kosa la kuishi ndani yake ni kumtoza kodi mara mbili.

Kiini cha ubaya huu si ubaya wa roho za watu tu. Kiini chake ni kwamba anayeshika fedha ndiye huyo huyo anayekagua nyumba, ndiye anayekadiria hasara, na ndiye anayefaidika hasara ikiwa kubwa. Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Hata mtu mwema akiwekwa mahali hapo hushawishika.

Nchi yetu haikukosa kabisa chombo cha kuamua mambo ya namna hii. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 iliweka mabaraza ya nyumba ya mikoa, ambako mwenye nyumba na mpangaji waliweza kupeleka mashauri yao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na mambo mengi yakaachwa yaamuliwe na mkataba wa watu wawili. Hoja ya kwamba kodi inayobanwa mno huwavunja moyo wajenzi wa nyumba ina uzito wake. Lakini uhuru wa kupanga kiasi cha kodi si uhuru wa kula amana.

Wenzetu wamelitazama jambo hili wakaona dawa yake. Katika jimbo la New South Wales, nchini Australia, sheria ya mwaka 1977 iliweka bodi maalumu ya amana za wapangaji. Wakala hapati nafasi ya kuzikalia fedha. Huwekwa kwa chombo cha serikali. Siku ya kuondoka mpangaji aweza kuziomba mwenyewe, na upande wa pili ukipinga, hupewa siku 14 kupeleka shauri mbele ya baraza. Usipofanya hivyo, mpangaji hulipwa. Uingereza nako, kwa sheria ya mwaka 2004 iliyoanza kutumika kwa amana mwezi wa Aprili 2007, mwenye nyumba hulazimika kuikinga amana katika mpango uliokubaliwa na serikali. Asipofanya hivyo, mahakama yaweza kumwamuru alipe hata mara tatu ya amana hiyo. Huko nako hawakungoja mawakala wote wawe malaika. Waliondoa fedha mkononi mwa mwenye kishawishi.

Hata hivyo, mpangaji wetu asingojee sheria mpya ndipo adai haki yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutambua kuwa tendo la wakala, alilolifanya kwa mamlaka aliyopewa, humfunga aliyemtuma. Kwa hiyo "mwulize wakala" si jibu, na barua ya madai yapasa iende kwa wote wawili. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, nayo humtaka anayedai jambo alithibitishe. Anayesema ukuta umeharibiwa, na auoneshe. Na mpangaji anayesema alilipa, naye aoneshe.

Hapo ndipo wengi wetu huanguka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kuingia, andikeni pamoja hali ya kila chumba, pigeni picha, na stakabadhi iseme "amana", isiseme "kodi". Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe, maana tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2015 kumbukumbu za namna hiyo zaweza kupokelewa mahakamani. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa waweza kukataliwa kuwa ushahidi. Siku ya kutoka, funguo zirudishwe mbele ya shahidi na mita zisomwe. Kisha iandikwe barua yenye kiasi, tarehe na siku ya mwisho ya kulipa, na nakala yake apewe mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wakala akikaa kimya, shauri lipelekwe kwenye vyombo vya sheria vinavyohusika na nyumba wilayani. Dai la mkataba huishi miaka sita. Kupigwa chenga miezi miwili si mwisho wa haki.

Lakini raia mmoja mmoja akishinda shauri lake, bado wengine elfu watapitia njia ile ile ya miiba. Kwa hiyo twawaomba wawakilishi wetu Bungeni walishike jambo hili. Sheria yo yote ya nyumba za kupanga iseme mambo matatu: amana ishikwe na mkono wa tatu, hasara ithibitishwe kwa stakabadhi, na mwenye kuchelewesha bila sababu alipe zaidi ya alichokizuia. Mwenye nyumba mwaminifu hatapoteza hata senti moja kwa hayo. Atakayepoteza ni yule tu aliyezoea kuvuna asipopanda.

Na wenye nyumba nao twawakumbusha: wakala hutumia jina lenu. Akila amana ya mpangaji, watu hawatasema wakala fulani amekula. Watasema ni ninyi.