Kura na Kula

Juzi jioni jirani yangu alinijia kwa masikitiko. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la nne hapa Mwanza, amekataa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Alipofika penye maneno "wananchi walipiga kura", alisoma "walipiga kula", na darasa zima, mwalimu akiwemo, likaangua kicheko. Tangu siku hiyo akiitwa kusoma husimama na kunyamaza.

Hebu tulitazame kosa lenyewe. Nyumbani kwao huzungumzwa Kisukuma, lugha isiyotenganisha r na l kama Kiswahili kifanyavyo. Sikio la mtoto huyu halijazoea kuzihesabu kuwa sauti mbili. Ukienda mkoa wa Mara utasikia kinyume chake: Mkurya aweza kukukaribisha "kura" ugali, nawe ukale ukashiba. Pale Mwaloni, Kirumba, mmoja atakuuzia sangara na mwenzake sangala. Samaki ni yule yule. Hapo sioni sababu ya ugomvi. Tena wangapi kati ya hao wachekao husema "zahabu" badala ya dhahabu?

Sisemi kwamba kila matamshi yakubaliwe. Mahari si mahali, na mzazi anayeposewa binti atataka kujua ni lipi linalozungumzwa. Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tumekuwa na njia moja ya kuandika, na mtoto hana budi kuijua. Lakini ulimi haufundishwi kwa kicheko. Mwonyeshe mtoto kwamba kwa l ncha ya ulimi hutulia nyuma ya meno ya juu, pumzi ikapita pembeni. Kwa r ncha hiyo hugonga ufizi upesi na kuachia. Kisha mpe maneno mawili mawili ayatamke: kura na kula, mahari na mahali, hari na hali. Dakika tano kila jioni, kabla ya chakula, zatosha.

Nilikwenda kwao kulijaribu jambo hilo mwenyewe. Binti alikaa kimya, akiinamisha kichwa. Nikamwuliza bibi yake huuitaje mji huu. Akajibu bila taabu: "Ng'wanza." Ndilo jina lake kwa Kisukuma, Wajerumani, waliotawala hapa hadi mwaka 1916, waliliandika Muansa, na sisi tumezoea Mwanza. Nikajaribu kulitamka kama yeye. Mimi, mzaliwa wa Morogoro, nilishindwa mara tatu, naye akanirekebisha mara tatu kwa upole, bila kucheka hata kidogo.

Baadaye alilivuta daftari, tukaanza na kura. Mara ya kwanza ilitoka kula. Tulikuwa tumefika kwenye mahari mama yake alipotuita mezani.