Sauti ya nne imezikwa chini ya kinanda

NYUZI NA NGOMA, na Kulwa Masanja

Jumapili yoyote, simama nje ya kanisa lenye kwaya na vyombo, hapa Misungwi mjini au kule njia panda ya Usagara, uzihesabu sauti zinazokufikia. Ya kwanza utaisikia kabla hujavuka barabara. Ya pili na ya tatu zitafuata. Ya nne utaiona tu: wanaume wako mstari wa nyuma, mishipa ya shingo imewasimama, vinywa wazi, na kinachotoka kwenye spika ni gitaa la besi na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda.

Mafundi mitambo wetu wana dawa moja. Wanazungusha kitufe cha besi. Hapo ndipo wanapommaliza kabisa mwimbaji.

Mwenye sauti nzito akishuka chini kabisa, koo lake hutetema takriban mara 80 kwa sekunde. Gitaa la besi linaanzia mara 41. Ile ngoma kubwa ya mguu inadunda palepale katikati yao, na kinanda nacho kimejaza kila ufa uliobaki. Kumwongezea mtu besi katika msongamano huo ni kumsukuma ndani zaidi. Maneno yake hayako huko chini. Yako kwenye mitetemo midogomidogo inayopanda juu ya ule wa msingi, hasa kati ya 2000 na 4000 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu ni kali kuliko kwingine. Miaka ya 1970 mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza jinsi wanaume wa opera wanavyoipenya okestra nzima bila kipaza sauti: mafunzo yao hurundika nguvu ya sauti karibu na 3000, ambako vyombo vimeshapungua nguvu.

Simu zimeongeza utamu wa jambo hili. Spika ya simu, ndogo kama ukucha, haiwezi kutoa mitetemo 80. Lakini ubongo ukipewa ile ya juu, hujijazia wenyewe ya chini iliyokosekana, na msikilizaji ataapa kwamba amesikia besi. Basi prodyuza anayefuta ya juu ili sauti “iwe nzito” amefuta ushahidi wote kwamba kuna mtu anaimba.

Maiki nayo ina lake. Hizi za mkononi tunazotumia kwenye harusi huvimbisha besi kadiri mdomo unavyozisogelea. Mwenye sauti nyembamba anafaidika. Mwenye sauti nzito anaishia kunguruma, kwa hiyo arudi nyuma kiganja kimoja hivi. Ma-MC wa huku hawataki kusikia hilo. Wanaimeza kama muwa.

Wazee wa dansi hawakuwa na mitambo ya kuwaokoa. Walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa maiki chache, wote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kazi ya kupangana ilikuwa imekwisha kabla ya kuingia studio. Sikiliza Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978: Muhidin Gurumo na sauti yake nzito, Hassan Bitchuka na yake ya juu, na tarumbeta zinasubiri waimbaji wapumue ndipo ziingie. Gurumo hakuhitaji kupiga kelele kwa sababu hakuna aliyekuwa anamkanyaga. Franco alifanya vivyo hivyo mwaka 1985 katika “Mario”: yeye chini, akizungumza kama mzee anayesuta, Madilu System akipanda juu yake.

Wengine hupenya kwa mikwaruzo. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa na sauti nzito kuliko wanaume wengi, lakini ilikuwa imejaa kokoto, na kokoto zile ndizo mitetemo ya juu ninayoisema. Hapa kwetu Mwanza tunaye Fid Q. Sauti yake ingezama kwenye kwaya yenye vinanda viwili. Kwenye biti ya hip hop, yenye dundo, besi na uwazi mkubwa katikati, kila silabi inafika.

Kwa hiyo lawama zangu haziwaendei waimbaji. Nawalaumu walimu wa kwaya wanaochagua ufunguo kwa kumtazama dada wa sauti ya kwanza peke yake, na studio ambazo kila mwanaume lazima apande juu na otochuni yake, kiasi kwamba kijana mwenye sauti nzito huku hushauriwa akatangaze kwenye magari ya matangazo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwaya za Sengerema na Geita zinatufikia bila kusubiri kivuko, nasi tunawapokea kwa spika kubwa zaidi. Kubwa zaidi za nini?

Fundi, kiache kitufe cha besi cha mwimbaji. Kamata kinanda, ukipunguze kati ya mitetemo 200 na 400. Magitaa uyapeleke kushoto na kulia, sauti ibaki katikati. Na ubeti mmoja uachiwe sauti ya nne na ngoma peke yake. Atakayenuna ni mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto umekuwa ukifanya kazi ya watu watatu, na hakuna aliyeutuma.