Kisomo na Kliniki: Funzo la Mabibi wa Harare

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Hazipiti wiki nyingi bila ya mzazi kunijia baada ya sala ya Isha. Kijana wake halali, hali, hasemi na watu, na nyumbani wameshakata shauri kuwa ni jini. Huomba asomewe. Tunamsomea, na kisomo ni haki. Lakini nakiri mbele yenu: zamani nilikuwa nikisoma miezi, nisiulize kama kijana ameonwa na daktari. Lilikuwa kosa langu.

Tutazame yaliyotokea Zimbabwe. Mwaka 2005, mgonjwa wa Dkt. Dixon Chibanda, bingwa wa maradhi ya akili, alijiua. Familia ilikosa nauli ya basi, kiasi cha dola 15, ya kumfikisha hospitali. Daktari akaona kwamba ikiwa mgonjwa hafiki, basi huduma imfuate mtaani kwake. Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 wa Mbare, mjini Harare. Walifundishwa kukaa na mtu kwenye benchi la kituo cha afya, kumsikiliza, na kumsaidia kutatua shida zake moja baada ya moja. Maradhi wakayaita kwa jina la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

Daktari hakutosheka na sifa. Yeye na wenzake walipima. Vituo 24 viligawanywa kwa kura: nusu vikatumia benchi, nusu vikaendelea na huduma ya kawaida iliyoongezwa kidogo. Walishiriki watu 573. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100. Upande wa pili, 50. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na utaratibu huo umeshafika Malawi na hapa kwetu Zanzibar.

Je, yajuzu kushiriki utafiti wa namna hii? Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na dawa haijulikani ila kwa kuitafuta. Basi yajuzu kwa masharti: mtu aelezwe na aridhie bila ya kulazimishwa, siri yake ihifadhiwe, kwani ni amana, asitiwe katika madhara, na akikataa, asinyimwe matibabu.

Maimamu na walimu wenzangu wa vyuo, tukimaliza kusoma tuulize: ameonwa na daktari? Nanyi wazazi, kumficha mgonjwa ndani si sitara, ni kumdhulumu. Akianza kutaja kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kisomo kimfuate huko.

Mabibi wa Mbare hawakuwa madaktari. Sisi tuna baraza katika kila mtaa, na wazee wanaojua kusikiliza. Kilichobaki ni kujifunza, na kutoa siri za watu katika mazungumzo ya baraza.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.