Jino la mtoto halitibiwi kwa amoksilini



Mtoto akilia usiku kucha kwa jino, asubuhi tunampeleka kwa daktari wa meno, na tukirudi bila antibayotiki tunaona hatukutibiwa. Daktari naye, kwa foleni ndefu au kuepuka lawama zetu, anaandika. Tunakosea sote.

Jino lililotoboka huuma kwa sababu kiini chake kimevimba. Antibayotiki haizibi tundu wala haitulizi maumivu hayo. Tiba ni kuliziba jino, kutibu kiini au kuling'oa. Maumivu yapewe parasetamo kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Akiwa na homa au uso umevimba, hapo antibayotiki ina kazi yake, tena tuwahi hospitali.

Tunajua kuziba jino ni ghali kuliko vidonge. Lakini jino litauma tena, na dawa zinazotumika ovyo huzaa vijidudu sugu. Mwaka 2019 pekee vilikadiriwa kuua watu milioni 1.27 duniani.

Watoto ni amana. Tukipewa dawa, tuulize: "Daktari, na jino lenyewe litatibiwa lini?"