Wahusika Wenu Hawali!

Jamani waandishi wenzangu, leo nina ugomvi nanyi. Hadithi zenu nazisoma. Watu wanapendana, wanasalitiana, wanakufa, lakini hawali! Mhusika anashuka daladala Kariakoo saa saba mchana, anampita mama ntilie bila hata kunusa wali. Mkijitahidi sana, mnaandika "alikula akashiba". Alikula nini? Nani alilipa?

Juzi mmoja wenu akanicheka: "Bwana wee, hayo ni ya vitabu vya mapishi, si fasihi." Haya, tuanzie hapo hapo.

Kamsome Claudia Roden, mzaliwa wa Cairo. Baada ya vita vya Suez vya 1956, Wayahudi wengi walipolazimika kuihama Misri, yeye alianza kukusanya mapishi yao yasije yakapotea. Kitabu chake, A Book of Middle Eastern Food, kilitoka 1968. Ni mapishi kweli, ila humo mna methali, visa na watu waliotawanyika. Hiyo kama si fasihi, ni nini?

Kamsome George Orwell, Down and Out in Paris and London, cha 1933. Aliosha vyombo hotelini Paris, akaona uchafu wa jikoni na ung'avu wa meza za wateja vikitenganishwa na mlango tu. Ukikisoma utajua njaa inahesabiwa kwa senti.

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek ulitoka kwa Kiingereza 1966, Paul Sozigwa akatupatia kwa Kiswahili. Lawino analiogopa jiko la umeme la mumewe, kisha anatuingiza jikoni kwao, kwenye kuni, vyungu na jiwe la kusagia. Ugomvi wote wa ndoa ile, na wa ukoloni, umo humo jikoni.

Mimi nami sijitoi. Bibi yangu alikuwa bingwa wa bokoboko. Kila Idi nilikula sahani mbili, nikajifungia chumbani kutunga mashairi ya mwezi na nyota. Bibi amefariki. Tumejaribu kulipika, haliji. Ngano tunayo, nyama tunayo, mkono wake hatuna, na mwandishi wa ukoo, yaani mimi, sikuandika hata mstari mmoja.

Basi kabla ya kuanza hadithi nyingine, ingia jikoni kwa mama. Muulize chumvi anaitia wakati gani. Beba na kalamu.